Samaki wa Mungo Park

Mungo Park nilimjua kwanza kama mtu wa mto. Dada yangu alikuwa na kitabu cha zamani cha historia, jalada lilishatoka kitambo, na ndani yake kulikuwa na orodha ya Wazungu na vitu walivyodaiwa kuvigundua. Rebmann na Kilimanjaro. Speke na chanzo cha Nile. Park na mto Niger. Tuliikariri ile orodha vile mtu hukariri tebo, na hakuna aliyeuliza watu waliokuwa wakiishi kando ya mto huo siku Park alipofika walikuwa wanauitaje.

Mara ya pili kukutana naye ilikuwa kwenye simu yangu, nimekaa mchangani, mikono inanuka samaki. Ami yangu ni mvuvi wa malema, mitego ile ya kusuka ambayo huachwa chini ya maji na kutembelewa kesho yake. Siku hiyo lema moja lilitoa changu watatu, tafi kadhaa, na samaki mmoja bapa wa kijani kilichoiva, amejaa mistari ya rangi ya chungwa, kana kwamba mtoto alipewa kalamu na hakukuwa na mtu mzima nyumbani.

"Kikande huyo," Ami akasema. "Ngozi kama tairi. Angalia vidole, yuwauma."

Nilimpiga picha. Usiku nikaanza kutafuta jina lake la kitaalamu, maana vikande wako wa aina nyingi na nilitaka kujua huyu ni yupi. Jina likaja: Balistapus undulatus (Park, 1797).

Kwa utaratibu wa wanasayansi, jina linalofuata lile la Kilatini ni la mtu wa kwanza kumweleza mnyama huyo kwa maandishi, na mwaka ni ule maelezo yalipochapishwa. Nikadhani huyu ni Park mwingine. Si majina ya Waingereza yanarudiarudia? Kumbe ni yule yule wa mto.

Stori yake kabla ya Niger haikuwa kwenye kitabu cha dada. Park alizaliwa 1771 huko Scotland, karibu na mji wa Selkirk, akasomea udaktari Edinburgh. Shemeji yake, James Dickson, alikuwa mtaalamu wa mimea, na kupitia kwake kijana akajulishwa kwa Sir Joseph Banks, tajiri wa London ambaye katika miaka hiyo alikuwa na mkono katika karibu kila safari ya kisayansi ya Waingereza. Connection, kama tunavyosema. Banks akamsaidia kupata kazi ya daktari msaidizi kwenye meli ya Worcester, ya ile East India Company, iliyokuwa ikielekea Bencoolen katika kisiwa cha Sumatra, kituo ambapo Waingereza walinunua pilipili manga. Park alikuwa na miaka ishirini na kitu tu. Aliporudi alikuwa na maelezo ya samaki wanane wa huko. Yalisomwa mbele ya Linnean Society ya London mwaka 1794 na kuchapishwa 1797. Mmoja wa wale wanane alimwita Balistes undulatus. Undulatus ni "mwenye mawimbi", kwa sababu ya ile mistari.

Kabla karatasi zile hazijatoka mtamboni, Park alikuwa ameshatumwa Gambia na African Association. Julai 1796 aliufikia Niger pale Segou, na hiyo ndiyo safari iliyompa jina. Safari yake ya pili ilianza 1805 na hakurudi. Alifia kwenye mto huo huo, Bussa, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, mwaka 1806. Mwaka 1820 mtaalamu mwingine, Tilesius, alimtoa samaki wake kwenye jenasi ya Balistes na kumtengenezea jenasi mpya, Balistapus, ambamo hadi leo yuko peke yake. Ndiyo maana jina la Park liko kwenye mabano. Ni kama hati ya nyumba iliyobadilishwa mtaa.

Nikifikiria ile Bencoolen, siwezi kumwona Park akishuka melini na mshipi mkononi. Nadhani kulikuwa na mvuvi. Nadhani mvuvi huyo alikuwa na jina la samaki, na maoni kuhusu ngozi yake, na pengine jeraha kwenye kidole.

Lakini jina si samaki. Huyu samaki mwenyewe akikua sana hufika sentimita 30, yaani rula ya shule. Mwili ni bapa, wa kijani kizito au kahawia, na mistari ya chungwa inashuka kwa mshazari kutoka kichwani kuelekea nyuma. Mkia ni wa chungwa. Pale mkia unapoanzia kuna doa kubwa jeusi, na ndani yake miiba sita mifupi imepangwa kwa safu mbili. Dume akishakomaa hupoteza mistari ya usoni, jike hubaki nayo. Kichwa ni kirefu kuliko inavyostahili, mdomo mdogo, meno makubwa, na macho yamewekwa juu na nyuma kabisa, kila moja linazunguka kivyake. Ukimtazama vizuri utacheka. Haogelei kwa mkia kama samaki wengine. Anapunga pezi la mgongoni na la tumboni kwa mawimbi, polepole, na mkia anauweka akiba kwa siku ya kukimbia. Kuanzia Bahari ya Shamu, pwani yote ya Afrika Mashariki, hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki, utamkuta kwenye miamba ya matumbawe, kwenye maji ya mita mbili hadi kama mita 50, kwa kawaida akiwa peke yake na akiwa na hakika kwamba hapo ni kwake.

Kuna kitu kimoja mwilini mwake ambacho Ami alinionyesha kabla sijakisoma popote. Mgongoni, juu ya kichwa, kuna mwiba mnene. Ukishasimama huwezi kuulaza, hata ukiusukuma kwa nguvu zako zote, kwa sababu mwiba wa pili, mdogo, umeingia nyuma yake kama komeo. Lakini ukibonyeza ule mdogo, mkubwa unalala wenyewe, kwa utaratibu kabisa. Linnaeus alipoipa jenasi ya kwanza jina la Balistes alikuwa anafikiria silaha ya kale ya Warumi ya kurushia mawe na mishale. Waingereza nao wanawaita samaki wa ukoo huu kwa jina la kifyatulio cha bunduki. Usiku kikande huingia kwenye tundu la mwamba, akasimamisha mwiba, akajifungia humo. Ukimvuta mkia utachoka wewe.

"Kama mwenye nyumba anayedaiwa," Ami alisema.

Sasa, chakula. Shokishoki wa baharini unamjua hata kama jina hulijui: ule mpira wa miiba unaokaa kwenye mawe maji yakipwa, wenye jina la lile tunda la nywele nywele. Ukimkanyaga shughuli zako za siku zimeisha. Utapakwa utomvu wa papai na kila mtu ufuoni atakuwa na maoni yake kuhusu namna ya kuutoa mwiba. Kwa samaki wengi huyu si chakula, ni matatizo. Kikande ndiye anayemweza. Meno yanavunja miiba, macho yako mbali na ncha zake, na ile ngozi ya tairi inavumilia kuchomwa. Jamaa zake wengine wana ujanja zaidi: humpulizia shokishoki maji kwa mdomo hadi anapinduka, chini ikawa juu, na upande ule wa chini miiba ni mifupi. Hapo ni kuuma tu.

Hali mashokishoki peke yao. Anakula kaa, konokono, sponji, mwani, samaki wadogo, hata matumbawe. Anaingilia chochote kilichotupwa mbele yake, na tabia hiyo ndiyo imemponza. Mshipi atauma. Lema ataingia. Ukipiga mbizi na bunduki ya mkuki, wengine watakimbia na yeye atasimama kukuangalia wewe ni nani. Ukianza kuvua mwamba wowote kwa bidii, yeye ni kati ya wa kwanza kuisha, na hata hukumlenga.

Kuvua miamba si jambo la jana pwani. Kwenye magofu ya Shanga, kisiwani Pate, waakiolojia walichimbua mifupa ya samaki wa karibu na ufuo iliyotupwa na watu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na mwamba haukutoa samaki tu. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imekaa juu ya matumbawe ya kale na imejengwa kwa matumbawe. Nyumba za Mji wa Kale pia, na misikiti ya Gede. Wadigo wa kusini walikuwa na sehemu zao za baharini zenye mizimu, ambako wazee walitoa sadaka na ambako mtu hakuenda kuvua hivi hivi. Hawakuziita hifadhi.

Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru, ikiwa na miaka mitano tu, ilitangaza mbuga za baharini za Malindi na Watamu. Zilikuwa za kwanza nchini, na kati ya za mwanzo barani Afrika. Ndani ya mpaka, kuvua marufuku. Nje ya mpaka maisha yakaendelea, na kwa kasi. Hoteli zikaota ufuoni, njia za kushukia baharini zikawa kuta. Watalii walitaka makombe ya kupeleka kwao, kwa hivyo makombe yakaokotwa. Watu wakaongezeka, na nyavu zikaongezeka nao. Juya, ule wavu mrefu unaokokotwa na kundi la watu hadi ufuoni, ukafagia mkubwa na mdogo pamoja na nyasi za baharini.

Kwa hivyo kufikia miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na jaribio kubwa ambalo hakuna aliyelipanga kama jaribio: ukanda mmoja wa mwamba, maji yale yale, kaskazi na kusi ile ile, ila vipande vichache havivuliwi na vingine vinavuliwa kila siku. Aliyeliona hivyo ni Tim McClanahan, mwanasayansi Mmarekani ambaye amefanya utafiti kwenye pwani yetu kwa miongo kadhaa. Yeye na mwenzake Shafir walilinganisha sehemu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 1990.

Hebu ona walichokuta. Kwenye miamba inayovuliwa, mashokishoki walikuwa wamesongamana zaidi ya mara 100 kuliko kwenye mbuga. Mara 100. Kujua ni nani anayewala, watafiti waliwafunga mashokishoki kwa uzi wa nailoni, wakawaacha, kisha wakarudi kuhesabu waliobaki. Ndani ya mbuga wengi walikuwa wameliwa. Nje walikuwa wanangoja tu kwenye uzi. Na ukoo wa samaki wala mashokishoki ambao ulikuwa umejaa mbugani na kuadimika nje ulikuwa mmoja: vikande. Mbele yao wote, yule wa mistari ya chungwa. Samaki wa Park.

Mashokishoki wengi maana yake nini? Shokishoki ana taya la ajabu lenye meno matano, na wanasayansi hadi leo wanaliita taa ya Aristotle, kwa sababu mzee yule wa Ugiriki aliwahi kulieleza na kulifananisha na taa. (Nimeliangalia. Kwa kweli linafanana na taa ya chemli.) Kwa taya hilo anakwangua mwani kwenye jiwe, na akikwangua mwani anakwangua na jiwe lenyewe. Mmoja hafanyi kitu. Maelfu wakikwangua usiku na mchana, mwamba unaliwa kwa kasi kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga. Mapango yanasawazishwa. Samaki wanaojificha kwenye mapango hawana pa kujificha. Tafi na pono, ambao nao wanakula mwani, wanakuta sahani imeshalambwa. Mvuvi anapata kidogo, anatega zaidi, anawamaliza vikande wachache waliobaki, na mashokishoki wanasherehekea.

Nilipomsomea Ami haya kwenye simu, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hayo mashokishoki twayajua. Watu wakitembea na viatu zamani hawakuwa wakivaa." Alikuwa anamaanisha kwamba utotoni mwake maji yakipwa walikwenda hadi mwambani miguu mitupu. Siku hizi huendi bila viatu. Utafiti mzima ulikuwa ndani ya sentensi hiyo, ila yeye hakuwa ameuunganisha na kikande. Hilo alikubali. Alilolikataa ni lingine.

Sehemu ambayo baba yake alikuwa akitega ilikuja kuwa ndani ya mipaka. Hakuna aliyewauliza, anasema. Siku moja kulikuwa na maboya, siku nyingine kulikuwa na walinzi. Binamu yake alikamatwa na mtumbwi ukachukuliwa, na uliporudishwa baada ya miezi ulikuwa umepasuka kwa jua. "Wale wageni wa maski na viatu vya bata wanaingia kwa tikiti," aliniambia, "na mimi niliyezaliwa hapa ndiye mwizi."

Hapo ndipo huwa nakosa jibu, na nimejaribu majibu mengi. Takwimu ni za kweli. Mbuga zilirudisha samaki. Mombasa, iliyotangazwa 1986 na kuanza kulindwa kwa dhati miaka michache baadaye, samaki waliongezeka na mashokishoki wakapungua. Lakini bili ya kurudi kwao ililipwa na watu ambao hawakuonyeshwa menyu. Na kikande hana haraka. McClanahan alipofuatilia kurejea kwake kwenye mbuga za rika tofauti, alikuta ni jambo la miaka mingi, na mashokishoki kupungua huchukua muda zaidi. Jaribu kumwambia mtu anayenunua unga wa leo kwamba mambo yatakuwa sawa mtoto wake akifika sekondari.

Diani walikataa. Mwaka 1995 eneo la Diani hadi Chale lilitangazwa kuwa hifadhi, na wavuvi wakalipinga hadi likabaki kwenye makaratasi. Mimi nilikuwa nikisoma habari hizi kama kisa cha watu wasioelewa mazingira yao. Sidhani hivyo tena. Walikuwa wameangalia majirani zao wa kaskazini na kufanya hesabu. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mwaka ule na pengine si sahihi kwa miaka 20 iliyofuata, na sijui ni nani katika sisi hupanga maisha kwa miaka 20.

Kisha 1998 bahari yenyewe ikaingilia. El Niño ilipasha maji joto, matumbawe yakapauka, na sehemu kubwa ikafa, ndani ya mbuga na nje pia. Joto halisomi kibao cha mpaka. Mwaka 2001 serikali ikapiga marufuku juya na bunduki za mkuki, sheria ambayo ukitembea ufuoni asubuhi utaona inaheshimiwa siku zipi.

Kilichobadilisha mawazo ya Ami, kidogo, hakikutoka kwa mwanasayansi wala kwa serikali. Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wa Kuruwitu, pale Kilifi karibu na Vipingo, walijifungia wenyewe kipande cha bahari yao, kama hekta 30. Hawakuhamishwa, walikaa vikao, wakabishana, wakaamua. Eneo la namna hiyo siku hizi linaitwa tengefu, neno zuri sana kwa maoni yangu, kwa sababu halina ukali wa "marufuku". Kitu kimetengwa, kama vile mtu anavyotenga chakula cha anayechelewa. Miaka ikapita, samaki wakarudi, na waliokuwa wakitega kandokando ya mpaka wakaanza kusema wanaona tofauti. Habari hizo zilisafiri vile habari zinavyosafiri pwani, kwa mvuvi kumwambia mvuvi. Vijiji vingine vikafuata, vingine vikafaulu, vingine vikagombana hadi leo.

Ami hajajiunga na kikundi chochote. Ana tabia hiyo. Lakini malema yake mapya ameyawekea mwanya: uwazi mwembamba wa wima kwenye kona, unaomruhusu samaki mdogo au mwembamba kutoka. Wazo hilo watafiti na wavuvi wa hapa Kenya walilijaribu pamoja, na kilichomshawishi si uhifadhi. Mama karanga, wale kina mama wanaonunua samaki wadogo ufuoni na kuwakaanga, wanalipa bei ya chini kwa watoto wa tafi. Samaki mkubwa anauzwa kwa kilo. "Mdogo nimwache akanenepe kwa gharama zake," anasema.

Mara ya mwisho nilitoka naye ilikuwa bamvua, maji yamekupwa sana, tukalazimika kuusukuma mtumbwi sehemu fulani. Nilikuwa nimevaa viatu. Kabla hajavuta lema la kwanza nilitia uso majini na kioo cha kukodisha, na chini yangu, kando ya jiwe lenye ukubwa wa meza, alikuwepo mmoja. Uso wake haukuwa na mistari, kwa hivyo dume. Alikuwa amelala ubavu kidogo, akishughulika na kitu mchangani, anauma, anarudi nyuma, anauma tena. Vipande vyeusi vya miiba vilikuwa vikielea kumzunguka kama vijiti vya kiberiti. Jicho moja lilikuwa kazini. La pili likageuka likanitazama mimi.

Nilipoinua kichwa Ami alikuwa ameshavuta lema. Ndani kulikuwa na tafi, changu mmoja mzuri, na kikande, mkubwa kuliko yule niliyemwona, mwiba umesimama na umekwama kwenye matundu ya lema. Nikamwambia, Ami, huyu si tumrudishe? Baada ya yote niliyokusomea?

Alinitazama kwa muda. "Nimrudishe, halafu nyumbani tukale nini? Taa ya Aristotle?"

Akaingiza kidole, akabonyeza ule mwiba mdogo, mkubwa ukalala. Akamtoa, akamweka ndani ya ndoo pamoja na wenzake. Vikande hutoa sauti wakitolewa majini, mkoromo mfupi mkavu, kama mlango wa zamani. Alikoroma njia nzima hadi ufuoni, na mama karanga wa kwanza kufika alimgeuza mara mbili, akakwaruza ngozi kwa ukucha, akasema atampa bei ya nusu.